Chanda na Pete: Ufanisi wa Mwanagenzi wa Uhadhiri ni wa Nani?

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa chanda chema huvikwa pete. Aghalabu methali hii hutumiwa kumsifu aliyetuzwa kwa haki, na ni nadra mahafali ya chuo kikuu kumalizika pasi na mzungumzaji mmoja kuitaja. Hata hivyo, mpangilio wa methali yenyewe unastahili kutazamwa kwa makini. Chanda kimetangulia, pete imefuata. Wema wa chanda ndio sababu, na pete ni tokeo lake. Methali haikusema kwamba chanda hupata wema kwa kuvikwa pete, wala haikudai kwamba chanda kisicho na pete hakina wema. Makala haya yanajadili swali lililofichika katika mpangilio huo. Mwanafunzi wa shahada za juu anayejiandaa kuwa mhadhiri huwa na orodha ya mafanikio yake: tasnifu, makala yaliyochapishwa, makongamano aliyohudhuria, ufadhili aliopata. Je, orodha hiyo inaonyesha wema wa chanda au wingi wa pete? Na madhali kazi anayoiendea ni ya kuwafundisha wengine, mafanikio hayo ni mali yake, au ni kitu alichokabidhiwa kwa ajili ya watu ambao bado hajaonana nao?

Swali hili lina historia yake nchini Kenya. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipopata hadhi kamili mwaka 1970, kilikuwa peke yake. Kufuatia ripoti ya tume ya Mackay ya mwaka 1981, Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984, na kabla ya muongo huo kwisha Kenyatta (1985) na Egerton (1987) vikawa vyuo vikuu kamili. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili, na kundi la kwanza la mfumo huo likaingia vyuo vikuu mwaka 1990. Idara za Kiswahili zilihitaji wahadhiri kwa haraka. Wengi waliajiriwa wakiwa na shahada ya uzamili, wakafundisha mchana na kuandika tasnifu za uzamifu usiku. Uhadhiri walijifunzia ndani ya uhadhiri wenyewe. Hali hiyo ilikuwa na kasoro zake, lakini ilikuwa na jambo moja ambalo limekuwa likipungua: mwanagenzi alionekana akifanya kazi anayojiandaa kuifanya.

Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa viwango vilivyofanya shahada ya uzamifu kuwa sharti la uhadhiri, na vilivyomtaka mtahiniwa wa uzamili awe na makala moja, na wa uzamifu makala mawili, yaliyokubaliwa na majarida yenye wahakiki kabla ya kuhitimu. Nia ya viwango hivyo ni rahisi kuielewa. Kinachohitaji kujadiliwa ni dhana ya ufanisi ambayo viwango vya aina hii huibeba bila kuitamka.

Kuhitimu, kufuzu na kufundisha

Kiswahili chenyewe kinatofautisha mambo ambayo lugha ya mahafali huyachanganya. Kuna kuhitimu. Neno hili asili yake ni Kiarabu, nalo katika chuo cha Kurani pwani lilimaanisha kukifikisha kitabu tamati. Mtoto aliyehitimu alisherehekewa kwa kuwa amefika mwisho wa safari iliyopangwa na wengine. Kuna pia kufuzu, neno lenye asili hiyo hiyo, ambalo hubeba maana ya kushinda: aliyefuzu ameukabili mtihani na kuupita. Maneno yote mawili yanamzungumzia mtu mmoja. Anaweza kuhitimu peke yake jangwani, na anaweza kufuzu hata kama hakuna mwingine aliyenufaika kwa kufuzu kwake.

Neno la tatu ni kufundisha. Hili ni la Kibantu, na lina udugu wa mzizi na fundi. Fundi katika utamaduni wa Waswahili hakuwa mtu mwenye ujuzi tu. Alikuwa mtu mwenye wanagenzi. Fundi wa kuchonga milango, fundi wa jahazi na malenga wa ngoma walijulikana kwa kazi zao na kwa waliopitia mikononi mwao. Mwanagenzi naye hakupimwa kwa kuulizwa amekamilisha nini, bali kwa kupewa ubao na patasi mbele ya macho ya anayejua. Zaidi ya hayo, kufundisha ni kitendo kisichoweza kukamilika pasi na mtu wa pili. Aliyesema kwa saa mbili katika ukumbi wa mihadhara huku hakuna aliyeelewa chochote amezungumza. Hajafundisha.

Hapa ndipo ugumu wa kifalsafa unapoanzia. Mwanafunzi anayejiandaa kwa kazi ya kitendo cha tatu hupimwa kwa vitendo viwili vya kwanza. Amehitimu kozi, amefuzu utetezi wa tasnifu, na makala yake yamepita kwa wahakiki. Yote hayo ni ya kweli na yana thamani. Lakini kutoka hapo hadi kwenye hitimisho kwamba yuko tayari kufundisha kuna pengo la kimantiki ambalo barua ya ajira haiwezi kuliziba.

Aristotle, katika Metafizikia, alitoa hoja kwamba dalili ya mtu kujua jambo ni uwezo wake wa kulifundisha. Hoja hiyo ikikubaliwa, pengo lililotajwa linazidi kupanuka, kwa sababu kufundisha kunakuwa ndicho kipimo cha ujuzi wenyewe. Naye Max Weber, katika mhadhara alioutoa Munich mwaka 1917 kuhusu taaluma kama wito, alieleza jambo lisilofurahisha: kwamba mtu anaweza kuwa mwanazuoni aliyebobea na papo hapo awe mwalimu mbovu kupindukia, na kwamba vipawa hivyo viwili kukutana katika mtu mmoja ni suala la bahati. Weber alikuwa akiwazungumzia vijana wa Ujerumani waliofundisha kwa kulipwa ada za wanafunzi bila mshahara wa kudumu. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufikiri sana ili kuwaona wenzao wa leo.

Hoja ya wanaotetea hesabu

Haifai kulipitia suala hili bila kuutendea haki upande wa pili, kwa kuwa hoja zake ni nzito. Hoja ya kwanza ni kwamba utafiti ndio unaomzuia mhadhiri asigeuke kasuku. Asiyetafiti huishia kusoma madaftari yaliyoandikwa na mwalimu wake, ambaye naye aliyanakili kwa mwalimu wake. Nadharia hufundishwa kana kwamba ziliteremshwa, na uhakiki wa riwaya hubaki pale ulipoachwa na kizazi kilichopita. Makala yaliyochapishwa ni ushahidi kwamba mwandishi ameingia katika mjadala na kukubali kukosolewa.

Hoja ya pili ni ya kimaadili, na ndiyo iliyo nzito zaidi. Katika jamii ambamo jina la mtu huweza kufichua kwao, na kwao kukamfungulia au kumfungia mlango, idadi ya makala ni ngao ya mnyonge. Jopo la usaili linaloambiwa litafute mwalimu mwema linaweza kuuona wema huo kwa mpwa wa mwanajopo. Jopo linaloambiwa lihesabu machapisho lina nafasi finyu ya kujificha. Binti wa mkulima asiye na mjomba mjini ana sababu nzuri ya kupendelea hesabu kuliko hekima ya wazee wa idara. Yeyote anayebeza vigezo vya hesabu sharti kwanza aseme atamlinda vipi binti huyo.

Hoja hizi mbili zinathibitisha kwamba ua ni muhimu. Hata hivyo ua hujengwa kwa ajili ya shamba. Mkulima anayetumia msimu mzima kuimarisha ua, akasahau kupanda, atakuwa na ua imara na ghala tupu. Kipimo kinapogeuka kuwa lengo, wanaopimwa hujifunza kukitosheleza kipimo. Tasnifu moja hukatwa vipande vitatu, na kila kimoja kinarudia utangulizi wa kingine. Majarida yanayochapisha chochote kilicholipiwa hupata wateja. Wazo ambalo lingehitaji miaka mitano ya kusoma hati za Lamu huachwa kwa ajili ya wazo linaloweza kuiva katika miezi mitano. Kwa njia hiyo, hata ile hoja ya kwanza hujiangusha yenyewe, kwa kuwa utafiti uliokusudiwa kumwokoa mhadhiri na ukasuku umekuwa namna nyingine ya ukasuku.

Wala uchache wa pete haukuwahi kuwa dalili ya uchache wa elimu. Ngũgĩ wa Thiong'o alikwenda Leeds mwaka 1964 na kuondoka bila kuikamilisha shahada ya uzamili. Mwaka 1968, akiwa mhadhiri Nairobi, yeye pamoja na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, waraka uliobadilisha ufundishaji wa fasihi katika eneo zima. Kadhalika Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017), mzaliwa wa Lamu, mtunzi wa Sambo ya Kiwandeo na mbunaji wa neno runinga, elimu yake haikutoka chuo kikuu, ilhali wanafunzi wa uzamifu kutoka mabara mbalimbali walimwendea kujifunza kile ambacho vyuo vyao havikuwa nacho. Mifano hii isitumiwe kuhalalisha uvivu, kwani nadra haifuti kanuni. Inachoonyesha ni kwamba kanuni inayomtaka kila anayefaa awe na pete inaweza kuwaacha mlangoni wale ambao walio ndani huenda kuwauliza.

Jina la mwenye kazi

Historia ya fasihi ya Kiswahili inatoa mfano unaofaa kuzingatiwa na kila mwanagenzi wa uhadhiri. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki takriban mwaka 1840, zilihifadhiwa vifuani mwa watu kwa muda mrefu. Aliyefanya kazi ya kuzikusanya kutoka kwa waliozikumbuka na kuzieleza ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyeshirikiana na mmishenari W. E. Taylor, ambaye aliziandika. Sikujua alifariki mwaka 1890. Hati hizo zilifika London, na mwaka 1940 William Hichens akaihariri Diwani ya Muyaka, iliyochapishwa Johannesburg. Mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akatoa uchunguzi wake mpana kuhusu Muyaka, na tangu hapo mshairi huyo amekuwa sehemu ya mtalaa wa vyuo vikuu.

Katika mlolongo huu, ufanisi ni wa nani? Ikiwa ufanisi ni jina lililo kwenye jalada, basi Sikujua hana lake. Ikiwa ufanisi ni kile ambacho bila mtu fulani kisingalikuwapo, basi yeye ni miongoni mwa wenye ufanisi mkubwa kuliko wote, kwa kuwa mtungo uliosahauliwa hauhaririwi. Mfano wa Muhamadi Kijumwa wa Lamu hauko mbali na huu. Nakala alizoziandika kwa mkono wake ziliwafikia Hichens na Ernst Dammann, na zikawa msingi wa machapisho na shahada za watu wengi. Huenda watu hawa hawakuiona kazi yao kama mali ya kuwekewa mpaka. Hata hivyo ukarimu wa mtoaji haumfutii mpokeaji wajibu wa kumtaja.

Wajibu huo haujakoma kwa sababu watafiti sasa ni wenyeji. Mwanafunzi anayerekodi nyimbo za harusi kijijini kwa bibi asiyejua kusoma amesimama pale aliposimama Taylor. Bibi huyo akitajwa katika tasnifu kama mtoa habari nambari saba, mlolongo wa zamani umeendelea kwa rangi nyingine ya ngozi. Vivyo hivyo, msimamizi anayeliweka jina lake mbele katika makala ambayo hakuandika hata aya moja, kwa hoja kwamba yeye ndiye aliyemfungulia mwanafunzi mlango, amekiokota kivuli cha kazi ya mwingine. Mwanafunzi hukubali kwa sababu barua ya mapendekezo bado haijaandikwa. Makubaliano ya aina hiyo hayawezi kuitwa hiari.

Kuna pia sura nyingine ya tatizo hili, iliyo chungu zaidi. Imejulikana kwa miaka kadhaa kwamba baadhi ya vijana wasomi nchini Kenya hujipatia riziki kwa kuwaandikia insha na hata tasnifu wanafunzi wa nchi za mbali. Kijana anayeandika kazi kama hiyo ana ujuzi, na ujuzi wake umethibitishwa na alama nzuri anazopata mtu mwingine. Chanda ni chake, pete imevikwa mkono wa mwenzake. Ni rahisi kumlaumu, na lawama ina mahali pake, kwa sababu anausaidia uongo. Lakini mfumo unaohesabu pete pekee hauna hoja ya kimsingi dhidi yake. Ikiwa shahada ni bidhaa anayoimiliki aliyenayo, basi kuiuza na kuinunua ni biashara kama nyingine. Kinachoifanya biashara hiyo kuwa ovu ni kwamba shahada ni ahadi kwa watu wa tatu, wakiwamo wanafunzi ambao siku moja watafundishwa na mtu asiyejua.

Ufanisi kama amana

Hoja hii ya ahadi kwa mtu wa tatu ndiyo inayolielekeza swali kwenye jibu lake. Katika elimu ya Kiislamu, ambayo imeilea fasihi ya pwani kwa karne nyingi, mwanafunzi aliyekomaa hupewa ijaza. Ijaza ni idhini ya kufundisha kitabu au elimu maalumu, na huwataja walimu ambao elimu hiyo imepitia kwao hadi kumfikia mpokeaji. Mambo mawili yanajitokeza hapo. Kwanza, idhini hutolewa kwa ajili ya kufundisha, kwa hiyo anayepokea anajua tangu mwanzo kuwa amepokea mzigo wa kuupeleka mbele. Pili, mlolongo wa majina humkumbusha kuwa yeye ni kiungo kimoja. Chuo kikuu hakiwezi kuuiga utaratibu huo kwa ukamilifu, kwani elimu yake inakusudia kutilia shaka hata yaliyosemwa na mwalimu. Kinachoweza kuazimwa ni dhana iliyo ndani yake, nayo ni amana.

Amana ni kitu kilicho mikononi mwa mtu ilhali haki yake ni ya mwingine. Mwenye amana anaweza kujivunia kwamba ameitunza, lakini hawezi kuitumia kana kwamba hakuna anayeidai. Ufanisi wa mwanagenzi wa uhadhiri ni amana kwa maana hiyo. Walioutoa ni wengi: wazazi waliouza ng'ombe, walipa kodi, walimu, mabibi waliokubali kurekodiwa. Watakaoudai ni wanafunzi watakaoketi mbele yake.

Dhana hii inajaribiwa vyema na mfano wa kawaida. Na achukuliwe mwanafunzi wa uzamifu anayefundisha kwa muda katika vyuo viwili, akipanda matatu kutoka kimoja hadi kingine, na malipo ya muhula uliopita bado hajayaona. Wiki moja imesalia kabla ya siku ya mwisho ya kuwasilisha makala jaridani. Mezani pake kuna karatasi 200 za mitihani. Akizisahihisha kwa makini, akaandika pembeni kwa nini hoja ya mwanafunzi kuhusu usimulizi ni dhaifu, makala hayatakwisha. Akizipitisha macho na kugawa alama kwa kukisia, makala yatakwisha na wasifu wake utakuwa na mstari mmoja zaidi. Hakuna jopo litakalomuuliza alizisahihisha vipi zile karatasi.

Ni dhahiri kwamba wanafunzi 200 wana haki ya kusomwa. Ni dhahiri vilevile kwamba mwanagenzi huyo ana haki ya kuishi na kutafuta ajira, na kumtaka ajitoe mhanga peke yake ni kuhubiri uadilifu kwa gharama ya mtu mwingine. Uzito wa lawama unaiangukia pia idara inayouchukua ufundishaji wake na kuutumia, halafu siku ya ajira ikadai haujui. Kukipokea kitu kwa mkono mmoja na kukikana kwa mwingine ni dhuluma, hata kama kanuni zote zimefuatwa. Ikiwa idara inaamini kuwa ufundishaji wa mwanagenzi hauna thamani ya kupimwa, haikupaswa kuwakabidhi wanafunzi wake kwake. Ikiwa una thamani, inalazimika kuupima.

Kuupima kunawezekana pasi na kuurudisha upendeleo uliohofiwa. Mhadhiri mwenye uzoefu anaweza kuketi darasani na kuandika alichokiona, na taarifa hiyo ikatiwa sahihi na kuhifadhiwa. Karatasi chache zilizosahihishwa zinaweza kuchukuliwa na mtahini wa nje na kusomwa. Mpangilio wa kozi aliyoibuni mtahiniwa unaweza kuwekwa mezani pamoja na makala yake. Mambo haya yana ushahidi na yanaweza kupingwa hadharani, kwa hiyo yanampa binti wa mkulima ngao ile ile aliyopewa na hesabu. Yanachohitaji ni muda wa wakubwa, na yamkini hiyo ndiyo sababu hesabu imependwa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa mafanikio ya mwanafunzi wa shahada za juu anayejiandaa kwa uhadhiri yana sura mbili. Kuhitimu na kufuzu ni mambo yanayomhusu yeye, na ni haki yake kuyafurahia. Kufundisha ni jambo linalokamilikia kwa wengine, na ndilo lililoyapa yale mawili sababu ya kuwapo. Machapisho yabaki kuwa sharti, kwani mwalimu asiyetafuta hana jipya la kutoa. Lakini orodha ya mafanikio isiyoonyesha ni nani aliyefundishwa na ni nani aliyesaidia ni orodha isiyokamilika, na anayeiandaa pamoja na anayeipokea wanashiriki upungufu huo.

Sikujua hakuacha wasifu. Aliacha tungo ambazo wanafunzi wa leo huzichambua katika mitihani, wengi wao bila kulifahamu jina lake. Mhadhiri anayezifundisha anaweza kuanza somo kwa kulitaja. Haitamchukua dakika mbili, na hakuna kigezo kitakachompa alama kwa kufanya hivyo.